Mbwa Waliokaa Kumtazama Mbuzi

Mbuzi mgonjwa msimkimbilie. Hilo ndilo la kwanza, na kama mna haraka mnaweza kuishia hapo mkaenda zenu, maana mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Simama mbali. Zima pikipiki. Angalia anavyohema, masikio yameelekea wapi, mkia umelala au umesimama, wenzake wanamkaribia au wanamkwepa. Ukishamshika tu anaanza kukuficha. Mbuzi ni kama mzee wa kijijini aliyepelekwa hospitali: nyumbani analia usiku kucha, akimwona daktari anasema yeye hajambo, wamemleta bure.

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nyie vijana mkikuta herufi imepinda, inyoosheni wenyewe. Kazi niliianza kwa kukoroga dawa ya josho pale Mwamkulu, nikafundishwa na Mzee Kasonso, bwana mifugo wa zamani, Mfipa mfupi aliyekuwa akinusa midomo ya mbuzi kama mke anayemnusa mume aliyechelewa kurudi. Yeye alikuwa akifika kwa mtu haulizi habari za mifugo. Anaomba maji ya kunywa, tena anayanywa polepole mpaka mwenye nyumba anachoka. Nilidhani ni kiu. Nilikuja kugundua baadaye sana kwamba alikuwa anaangalia zizi juu ya ukingo wa kikombe. Akishamaliza maji anakwenda moja kwa moja kwa mgonjwa, wala haonyeshwi.

Alinifundisha kuvuta kope la chini. Likiwa jeupe kama ganda la yai, minyoo imeshakunywa damu. Likiwa jekundu, tafuta kwingine. Alinifundisha kuangalia kinyesi kabla ya kuangalia uso. Na alinifundisha kutokukimbilia, lakini hilo halikuniingia kwa kuambiwa, lilinifika kwa aibu. Kuna mkulima wa tumbaku huko Inyonga alituita, beberu lake limelala ubavu, macho yamegeuka, povu linatoka. Mimi huyo nikaruka na sindano, nikalichoma dawa ya mapafu hata Mzee Kasonso hajashuka kwenye baiskeli. Mke wa yule bwana amesimama mlangoni anang'ata kidole. Jioni ndipo aliponong'ona kwamba asubuhi alikuwa amemwaga machicha ya pombe nyuma ya nyumba. Kesho yake beberu liliamka na kichwa kinaliuma, likampiga mwenye mali pembe ya paja. Tangu siku hiyo kila nilipoomba sindano, Mzee Kasonso aliniuliza kwanza kama mgonjwa anakunywa.

Mzee Kasonso alishafariki. Angekuwepo siku ile ya Kasekese, sijui angekunywa vikombe vingapi.

Ilikuwa miaka yangu ya mwisho kazini, juzi juzi tu, simu za kupangusa zilikuwa zimeshafika. Akanipigia mtu anaitwa Masanja, Msukuma ambaye baba yake alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini akaweka boma Kasekese, akafia hapo. Masanja ndiye aliyebaki mkubwa wa boma. Akaniambia, mzee Pius, njoo, mbuzi wanazunguka. Nikamuuliza wanazunguka vipi, wanazunguka wapi. Kisha akasema, "Njoo uone mwenyewe. Mimi sitaki kulisema hili kwenye simu."

Nilifika saa saba, jua la utosi. Nikazima pikipiki mbali, kama nilivyofundishwa.

Boma la Kisukuma mchana lina kelele zake, mnazijua: watoto, kinu, kuku, mtu anamwita mtu. Lile lilikuwa kimya kama nyumba ya matanga siku ya pili, watu wamelia wakachoka. Katikati ya uwanja kulikuwa na mbuzi jike wa kijivu, anazunguka. Anazunguka kushoto tu, kichwa amekilaza upande kama anayesikiliza kitu kinachosemwa chini ya ardhi. Alikuwa ameshachimba duara kwenye vumbi, ukingo wake kama mdomo wa chungu, na alikuwa anatembea humo humo, hakosei hata kwato moja. Hali, halii, hafukuzwi na mtu. Anazunguka.

Na pembeni ya lile duara walikuwa wamekaa mbwa wanne.

Vijana, mimi nimeingia kwenye maboma maisha yangu yote. Kitu cha kwanza ni mbwa. Nina kovu hapa kwenye muundi la kuthibitisha. Wale hawakunibwekea. Hawakugeuka hata kuniangalia, mtu mgeni na pikipiki yake. Walikuwa wamekaa kwa matako, mikia imetulia, wanamtazama mbuzi. Akipita, shingo zinamfuata. Akirudi, shingo zinarudi naye. Kama watu waliofika kwenye mnada mapema wakakaa wanangoja ng'ombe waletwe.

Ningekuwa na kikombe ningekunywa.

Masanja akatoka, akaniamkia, akaniweka kwenye kigoda mbali na ule uwanja. Akasimulia kwa sauti ya chini. Huyu si wa kwanza. Wanaanza hivi: mbuzi anajitenga na wenzake, anasimama peke yake anatazama juu, hukioni anachokitazama. Baada ya siku kadhaa anaanza kuzunguka. Anazunguka mpaka anaanguka, na akianguka ndiyo basi. Wameshakufa wengi. Kisha akanionyesha kwa kidevu nyumba moja ndogo ya nyasi upande wa kushoto wa uwanja. Akasema, "Angalia uso wake, mzee. Kila akizunguka uso unapita pale."

Ile nyumba ilikuwa ya Nkwimba, mke mdogo wa marehemu baba yake. Hakuzaa. Mume alipofariki alibaki mle ndani peke yake, hana mtoto wa kumsemea. Wale mbwa walikuwa wa marehemu, na yeye ndiye aliyekuwa anawapa ukoko wa ugali, kwa hiyo walilala mlangoni kwake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni mbichi, na nyie mnajua kwetu huku macho mekundu ya mama mzee yanasemwaje.

Mganga alikuwa ameshaitwa. Akapima, akasema anayewazungusha mbuzi yumo ndani ya boma. Hakutaja jina. Ila alitema mate kuelekea ile nyumba. Akaacha na masharti: mbuzi akifa, kichwa kisiliwe, kisizikwe, wala kisichomwe, maana kikibaki katika boma kitawaita wengine. Kichukuliwe na chenye miguu kiende nacho nje.

Masanja akaniambia kwamba Jumamosi ndugu zake wanakuja, na mayu Nkwimba atatolewa na mzigo wake. Mayu ni mama kwa Kisukuma, aliendelea kumwita hivyo hivyo hata katika maneno hayo. Akasema ameniita ili pasiwe na lawama. Nikisema ni ugonjwa, watasikia. Nikishindwa kusema ni ugonjwa gani, basi.

Sikumuuliza anatolewa kwenda wapi. Mwanamke anayetolewa na jina la namna ile hafiki mbali. Njia ya kutoka Kasekese ni ndefu, ina pori, na wanaomtoa wanajua saa aliyoondoka.

Nikaenda kwa mbuzi. Mbwa walinipisha kidogo wakakaa tena.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Mbuzi anayezunguka, wengi wenu mtarukia kusema ni maji moyo, ule ugonjwa wa kupe, kwa sababu huko nako mbuzi huzunguka na kutupa miguu. Lakini maji moyo huja na homa kali na huua haraka. Nikamwekea kipimajoto nyuma: hakuna homa. Nikaangalia pua, maana kuna funza wa puani wanaomfanya mbuzi atikise kichwa kama mwehu: pua kavu, safi. Kope jekundu zuri. Nikafumba jicho lake la kushoto kwa kiganja, nikapeleka kidole kwenye jicho la kulia kama ninayetaka kulichoma. Hakupepesa. Jicho zima, linang'aa, halioni kitu. Nikajua basi tatizo haliko machoni, liko nyuma ya macho.

Ndipo nikaweka dole gumba nyuma ya pembe, nikabonyeza.

Likazama.

Mfupa wa kichwa, vijana. Mfupa ambao mbuzi hugonganisha wakipigana. Ulibonyea chini ya dole langu kama yai lililolowekwa kwenye siki, na mbuzi akasimama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akasimama kabisa, akahema. Nilipoondoa mkono, akaanza tena kuzunguka.

Nilimpigia Dokta Neema, daktari wa mifugo wa pale Mpanda, binti ambaye kwa umri namzaa. Nikamtumia na video. Hakuchukua muda. Akasema ndani ya ubongo kuna mfuko wa maji, ni mtoto wa tegu, na tegu mwenyewe anaishi tumboni mwa mbwa. Mbwa anaacha mayai kwenye majani, mbuzi anakula majani, yai linapanda kichwani linakua miezi na miezi. Ule mfuko ukiwa mkubwa unasukuma mfupa kwa ndani mpaka mfupa unalainika. Kisha akaniuliza, "Baba, vichwa vya wale waliokufa vimeenda wapi?"

Niligeuka nikawatazama wale mbwa wanne. Nikaelewa wanachongoja.

Mnadhani nilifurahi. Sikufurahi. Kwa sababu ugonjwa nilikuwa nao, na sikuweza kuutaja. Nikisema umetoka kwa mbwa, Masanja na ndugu zake watasikia nini? Mbwa wanalala kwa nani? Anawalisha nani? Ningekuwa nimemaliza maneno ambayo mganga aliyaishia kwenye mate. Nikamwambia Dokta hivyo. Akasema yeye Jumamosi yuko kwenye chanjo mbali, hawezi kufika, lakini nisiwaeleze kitu kwa mdomo. Nifungue kichwa mbele yao, wajionee.

Kabla sijaondoka nilipita kumsalimu yule mama. Alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Akaniuliza, "Umekuja kuniangalia mimi au mbuzi?"

Nikamwambia mbuzi, mayu.

"Basi waangalie vizuri," akasema, akaendelea kufagia.

Kuna kitu nilikiona pale na sikukielewa. Alifagia mpaka kwenye kona ya nyumba, akasimama, akarudi kinyumenyume. Akaenda kona ya pili, akarudi vile vile. Mbele palikuwa safi kama sahani, na nyuma ya nyumba nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Nikasema moyoni ni uzee, mgongo. Mzee Kasonso angeuliza.

Jumamosi nikafika mapema. Ndugu walikuwa wameshajaa, wazee wamekaa upande mmoja, na msemaji wao alikuwa baba mdogo wa Masanja, mzee mwenye fimbo na kikohozi cha kudai asikilizwe. Nkwimba alikuwa amekaa mlangoni kwake. Mzigo ulikuwa umeshafungwa kwa kanga, uko pembeni yake. Hakulia. Alikuwa ameshaoga.

Mbuzi wa kijivu alikuwa amelala ndani ya duara lake, miguu bado inatembea hewani. Nikaomba achinjwe tumpumzishe. Akachinjwa. Hakuna mzee aliyesogea. Nikakata kichwa, nikakipasua kwa panga polepole, maana mkipiga kwa nguvu mtapasua na mfuko, nikaingiza mkono nikautoa mzima. Mkubwa kama yai la bata. Ngozi yake nyembamba kama ya kibofu, maji ndani meupe safi unaweza kuona jua, na humo vidoa vyeupe vimejipanga mafungu mafungu kama punje za mchele. Nikauweka kwenye sinia. Ukawa unatetemeka wenyewe.

Baba mdogo akainuka kwa fimbo yake, akauinamia akauchungulia muda mrefu. Kisha akawageukia wenzake akasema, "Haya. Leo uchawi tumeuona kwa macho."

Nikasikia wazee wanaitikia. Nikaona mwanamke mmoja anasogea kwenda kuchukua ule mzigo wa kanga. Yote niliyojifunza tangu josho la Mwamkulu yalikuwa kwenye sinia na hayasaidii kitu.

Nilichofanya ni kuushika ule mfuko, nikaurudisha ndani ya kichwa, nikamkabidhi Masanja kichwa chote. Nikamwambia afanye kama anavyofanya siku zote.

Masanja alikipokea kwa mazoea. Akainua mkono.

Mbwa wakasimama. Wote wanne, kwa pamoja, hakuna aliyeitwa. Na hawakumtazama Nkwimba, ambaye alikuwa anawapa ugali kila siku ya Mungu. Hawakukitazama hata kichwa. Walimtazama Masanja usoni, masikio yamesimama, mate yanadondoka. Mmoja alinyanyua mguu wa mbele akaushikilia hivyo, kama mtoto mbele ya mwalimu wa zamu.

Nikamwambia, "Usitupe. Kaa hivyo hivyo." Nikawaambia wazee waangalie. Nikauliza, "Hawa wanamngoja nani?"

Masanja alikuwa amesimama na mkono juu, damu inamchuruzika kiwikoni. Alimtazama mbwa mmoja mmoja.

"Mimi," akasema.

Hapo ndipo nilipoeleza, na hapo ndipo waliposikia. Kwamba kila punje ya ule mchele ni tegu anayengoja tumbo la mbwa. Kwamba siku zote kichwa cha mbuzi kilikuwa kinapikwa supu ya wazee, na moto ulikuwa unaua kila kitu, mpaka walipoanza kuogopa. Wa kwanza labda alikuja na mbwa wa mahali pengine, hilo mimi sijui. Lakini walipoogopa kula, kuzika na kuchoma, wakampa mbwa. Kila walipomwogopa zaidi aliyezungusha, ndivyo walivyozidi kuzungusha wenyewe.

Masanja akakishusha kichwa akakikumbatia kifuani, shati lote damu. Akauliza kama ni huu mkono wake. Nikamwambia ni mkono uliofanya ulivyoagizwa. Baba mdogo akakohoa, akauliza, na mganga je? Nikamjibu mganga hana mbuzi.

Tulichimba shimo refu, tukachoma, tukaweka na mawe juu. Mbwa tukawafunga, tukawapa dawa ya tegu ndani ya ugali, na hawakukubali kuula kwa mkono wowote mpaka alipoitwa mwenyewe. Nkwimba aliwalisha mmoja mmoja mbele ya wote waliokuja kumtoa. Kinyesi chao siku zile tulikifukia. Nyie mkifanya hivyo naweni mikono kwa sabuni, hayo mayai hayachagui kichwa cha mbuzi tu. Mzigo wa kanga sikuona nani aliufungua, lakini nilipotazama tena haukuwepo.

Nikawaonya jambo moja, na hili msilisahau hata mkisahau mengine. Niliwaambia wengine bado watazunguka, kwa sababu mayai yamo kwenye majani na vichwa vingine vimeshaingiliwa zamani. Wakizunguka, mtu asiguswe. Kweli, miezi ikapita, mbuzi akazunguka, halafu mwingine. Masanja alinipigia akaniambia tu ameshachimba shimo. Ila baba mdogo alikwenda mnadani akatangaza kwamba mzee Pius alijua kabla, na ajuaye kabla ndiye mwenyewe. Kwa muda mrefu pale mnadani nilikuwa napewa benchi zima peke yangu. Sijawahi kukaa kwa raha namna ile.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoisha nilipita Kasekese, nikiwa nimeshastaafu, sina sindano wala nini. Uwanjani lile duara lilikuwa limefutika. Mbuzi wanakula, wanapigana, wanafanya ujinga wa mbuzi. Nkwimba akanipa kigoda na maji, nikayanywa polepole.

Akasema kwamba siku ile niliona hafagii nyuma ya nyumba, na sikumuuliza.

Nikamwambia kweli, sikuuliza.

Akasema, "Asubuhi moja nilifagia kuzunguka nyumba kama siku zote. Nikamaliza, nikaona nimeacha taka, nikaanza kuzunguka mara ya pili. Nilipotokea kona hii, wale wanne walikuwa wameshakaa. Wananitazama."

Hilo Dokta Neema hakuniambia dawa yake, na sidhani ipo.

Akachukua ufagio wake. Wale mbwa walikuwa wamelala kivulini ukutani, wanapumua. Akaanza kufagia kutoka mlangoni, akafika kwenye kona, akaipita, akapotea nyuma ya nyumba. Mimi na kikombe changu tukabaki tunasikiliza ufagio. Akatokea kona ya pili, vumbi mbele yake, akapita mlangoni bila kusimama, akaenda tena. Nilimwacha mama, nikawatazama mbwa. Akazunguka mara ya pili, akazunguka mara ya tatu, na hakuna aliyeinua kichwa.